Maswali ya Wasomaji: Kusi, Kaskazi na Mawimbi ya Mwambao

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaoteleza mawimbini kwa ubao na wanaotumia kaiti, yaani tiara kubwa la kumvuta mtu juu ya maji, kuanzia Mambrui, Kenya, hadi Jambiani, Unguja. Zilizofanana tumeziunganisha. Ndefu tumezifupisha, ila swali lenyewe hatukuligusa.

Shikamooni. Nimejinunulia ubao wa kutelezea mawimbini, lakini kila mtu ananipa mwezi wake. Mmoja anasema Julai, mwingine Januari, na mvuvi mmoja mzee kaniambia nisubiri tangambili. Nimfuate nani?
*Msomaji, Kilifi*

Marahaba. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Wa Julai anakutajia wakati mawimbi yanapokuwa makubwa. Wa Januari anakutajia wakati bahari inapokuwa na huruma. Mzee, kwa tangambili yake, yaani kipindi kati ya misimu miwili ya upepo, anakutajia wakati wimbi linapokuwa safi, na kwa mtu mwenye ubao mtupu, bila tanga wala kaiti, sisi tuko upande wa mzee.

Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, inashika mwishoni mwa Aprili au Mei, inakaza Juni hadi Agosti, inaanza kulegea Septemba. Inatoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukisimama ufukweni ukatazama baharini inakupiga kuliani na usoni. Ina nguvu kuliko kaskazi: mafundo 15 hadi 20 ni jambo la kawaida, na ikikaza hupita 25. Fundo moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Upepo wa namna hiyo ukivuma siku nyingi mfululizo juu ya bahari iliyo wazi, nje ya mwamba wa matumbawe panajengeka mawimbi ya mita 2 na zaidi, ndiyo maana wenye mitumbwi na ngalawa hubaki ndani miezi hiyo. Tatizo ni kwamba mawimbi hayo yamebanana. Kati ya kilele na kilele zinapita sekunde 7 hadi 9 tu, vichwa vinamwaga povu kabla ya wakati, na uso wa wimbi umejaa vijiwimbi vinavyougonga ubao chini ya miguu. Upepo ulioyajenga ndio huohuo unaoyavuruga.

Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, sasa mkono wako wa kushoto. Mara nyingi ni mafundo 10 hadi 18, dhaifu asubuhi, ikipanda kuanzia adhuhuri. Mawimbi yake ni mafupi, mita 1 au zaidi kidogo, sekunde 6 hadi 8. Ni msimu mzuri wa kujifunza kusimama juu ya ubao. Anayetafuta wimbi refu la kuliendesha ataona njaa.

Katikati ya misimu hiyo miwili ndipo penye tangambili: mara ya kwanza Machi kuelekea Aprili, mara ya pili Oktoba na Novemba. Upepo wa hapa unakufa au unahangaika huku na huku, lakini bahari haijalala. Dhoruba zilizo mbali kusini, chini ya latitudo ya nyuzi 40, zinaendelea kutuma mawimbi marefu yenye sekunde 12 hadi 16 kati yake. Wimbi la sekunde 14 husafiri karibu kilomita 39 kwa saa, kama kilomita 940 kwa siku, hivyo linatufikia siku nne au tano baada ya dhoruba iliyolizaa. Likifika siku ambayo hapa hakuna upepo, linakuja na uso laini, moja moja, kwa nafasi. Kati ya tangambili hizo mbili tungekuchagulia ya Oktoba, kwa sababu dhoruba za kusini bado zina nguvu ya baridi ya kwao, na kwetu mvua za vuli hazijachafua maji. Ile ya Machi inawahiwa haraka na masika.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo wengi hulisahau. Kisiwa cha Madagaska kinatukinga. Mtu wa Mtwara anafunikwa na kisiwa hicho upande wa kusini-mashariki karibu wote, na mawimbi marefu yanamfikia zaidi kwa kupitia Mlango wa Msumbiji. Kadiri unavyopanda kaskazini, kupitia Unguja hadi Kilifi na Malindi, upande huo unafunguka. Kwa hiyo usiupime msimu wako kwa habari za rafiki yako aliyeko Lindi.

Na ukiwa huna subira ya kungoja Oktoba, hata Julai ina mlango wake: alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, na kabla ya jua kuchomoza umande, yaani upepo wa nchi kavu, unavuma kutoka barani kwenda baharini. Hauna nguvu ya kuigeuza kusi, ila unaipunguza, na uso wa wimbi unalainika kwa saa mbili tatu. Kufika saa nne asubuhi ardhi imepata moto, upepo wa baharini umejiunga na kusi, na biashara imekwisha.

Assalaam aleikum. Siku moja programu ya simu iliandika mawimbi mita 1.5, nikaenda kwa mashua hadi mwambani nikakuta takataka tupu. Wiki iliyofuata ikaandika mita 1.2, nikaona ni madogo, na ubao wangu ukavunjika vipande viwili. Utabiri huu una faida gani?
*Msomaji, Jambiani*

Waaleikum salaam. Utabiri haukukudanganya. Ulisoma tarakimu moja ukaacha ya pili iliyo pembeni yake.

Kimo cha wimbi peke yake hakisemi nguvu. Nguvu ya wimbi huenda na kimo kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kuzidishwa kwa sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Siku yako ya kwanza, tuseme sekunde zilikuwa 7: 1.5 mara 1.5 mara 7 ni karibu 16. Siku ya pili, kwa sekunde 14: 1.2 mara 1.2 mara 14 ni 20. Wimbi "dogo" lilibeba nguvu zaidi kwa karibu robo.

Halafu kuna tabia yake likikaribia mwamba. Wimbi la sekunde 14 kwenye kina kirefu lina urefu wa mita 306 hivi kutoka kilele hadi kilele, na linaanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha nusu ya hapo, mita 150. La sekunde 7 lina mita 76, na haligusi chini mpaka kina kifike mita 38. Mwamba wetu wa nje unapanda ghafla. Lile refu linafika likiwa na maji mengi nyuma yake, linakunjwa na mwamba, linaumuka. Mita 1.2 ya kwenye simu inaweza kuvunjika ikiwa karibu mita 2, na inavunjika kwa kudondoka, si kwa kumwagika. Huko ndiko ulikopotelea ubao wako.

Fahamu pia kwamba kimo kinachoandikwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi iliyo juu kuliko mengine. Ukikaa saa kadhaa, tegemea kuona moja linalokaribia mara mbili ya kilichoandikwa. Kabla hujaingia, kaa juu ya mashua dakika 20 nzima ukitazama. Mawimbi marefu huja kwa makundi, na kundi kubwa linaweza kuchelewa zaidi ya dakika 10. Anayetazama dakika 3 akaruka majini huwa ameona mapumziko tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2, hayo ni mafundo 22 hivi. Siku hiyo mwenye ubao hana kazi nje ya mwamba. Linganisha angalizo hilo na simu yako, na zikitofautiana fuata lililo kali.

Wenzangu wanasema "tazama maji kwanza, upepo baadaye". Nimeshika ratiba ya maji kupwa na kujaa lakini sijui niisomeje kwa ajili ya mawimbi. Kwenye mwamba wetu siku nyingine wimbi linapita bila kuvunjika, siku nyingine mwamba uko nje umekauka.
*Msomaji, Diani*

Wenzako wamekuambia neno la maana kuliko yote yaliyomo katika ukurasa huu. Kwenye mwambao wenye mwamba, msimu unakupa mwezi na upepo unakupa siku, lakini maji ndiyo yanayokupa saa. Ukikosea saa, msimu mzuri hautakusaidia.

Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokuwa karibu mara 1.3 ya kimo chake. La mita 1 linahitaji kina cha mita 1.3, la mita 1.5 linahitaji mita 2. Kina kikizidi hapo, wimbi linapita juu ya mwamba kama halikuuona. Kikipungua sana, linapasuka juu ya matumbawe yenye maji ya magotini, na anayeanguka anaanguka kwenye mawe. Kwa hiyo unatafuta saa ambayo mwamba wako una kina kinachofanana na wimbi la siku hiyo.

Kwanza ujue mwamba wako uko juu kiasi gani. Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nenda wakati wa kupwa, usimame ufukweni na saa. Andika dakika ile mgongo wa mwamba unapoanza kutokeza kati ya mawimbi. Kisha rudi kwenye ratiba ukokotoe maji yalikuwa na kimo gani dakika hiyo. Namba utakayopata ndiyo kimo cha mwamba wako. Iandike mahali, haibadiliki.

Kukokotoa kunafanywa kwa mafungu 12. Chukua tofauti ya kujaa na kupwa, igawe kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme siku ya bamvua maji yamekupwa saa 4:20 asubuhi kwa mita 0.3, na yatajaa saa 10:30 jioni kwa mita 3.7. Tofauti ni 3.4, fungu moja ni kama sentimita 28. Saa 5:20 maji yako kwenye mita 0.6 hivi, saa 6:20 mita 1.15, saa 7:20 mita 2.0, saa 8:20 mita 2.85, saa 9:20 mita 3.4. Ikiwa mwamba wako una kimo cha mita 0.5, toa nusu mita kwenye kila namba. Saa 6:20 kina juu ya mwamba ni sentimita 65, bado ni hatari. Saa 7:20 ni mita 1.5. Saa 8:20 ni mita 2.35, na wimbi la mita 1.5 limeshaanza kukosa pa kuvunjikia. Umebakiwa na saa moja hivi ya kuteleza, saa moja na robo ukibahatika. Ukifika saa tisa umechelewa.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo siku ya maji mafu, pale maji hayapandi wala kushuka sana, tuseme kupwa ni mita 1.3 na kujaa ni 2.5. Mwamba wako hautoki nje kabisa, na kina chake kinakwenda kati ya sentimita 80 na mita 2 kwa saa sita. Nafasi ya kuteleza inakuwa saa tatu au zaidi, na mikondo imepoa. Vijana wengi husubiri bamvua wakidhani maji makubwa huleta mawimbi makubwa. Bamvua hailizalishi wimbi, inafupisha tu muda wa kulipata. Anayejifunza kwenye mwamba aanze na maji mafu.

La kukumbuka kichwani: mwambao wa Kenya na Tanzania hupata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kwa siku moja au mbili. Siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa kati ya saa nne na saa tano. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka. Ukiutazama mwezi jioni unaweza kukisia saa za kesho bila ratiba, na hapo unganisha na lile tulilomwambia msomaji wa Kilifi: unataka maji yako ya katikati yaangukie alfajiri, kabla upepo haujaamka. Siku za bamvua maji yaliyojaa saa kumi alfajiri yanafika katikati, yakishuka, kama saa moja asubuhi. Wakati wa kusi, hiyo ndiyo bahati.

Kwa nini hapa kwetu Mambrui mawimbi yanafika hadi mchangani, wakati Watamu si mbali na pwani yake imetulia?
*Msomaji, Mambrui*

Kwa sababu ya Mto Sabaki. Matumbawe yanataka maji ya chumvi, safi, yanayopitisha mwanga. Sabaki unamwaga maji yasiyo na chumvi na udongo mwingi kati ya Malindi na Mambrui, na mbele ya mlango wake mwamba haukuweza kujijenga. Watamu wimbi linapigana na mwamba mbali nje, linalobaki ni kiwimbi. Kwenu hakuna wa kulizuia.

Tabia ya mawimbi ya kwenu kwa hiyo ni tofauti na yote tuliyoandika hapo juu. Yanavunjika juu ya mafungu ya mchanga, na mchanga unahama. Kusi inausukuma kaskazini, kaskazi inaurudisha, na mto ukifurika unamwaga mwingine. Fungu lililokupa wimbi zuri Februari linaweza kuwa halipo Agosti. Litafute upya kila msimu: wakati wa kupwa panda mahali palipoinuka utazame maji yanapovunjika meupe, na pale katikati yanapobaki ya kijani pasipovunjika. Peupe ndipo penye fungu. Pa kijani ndipo maji yanaporudia baharini, na hapo asiyejua kuogelea asiingie.

Kwa kuwa chini ni mchanga, hapo panamfaa mwanafunzi kuliko mwamba wowote wa mwambao huu. Lakini mvua kubwa zikinyesha bara, hata kama kwenu ni jua, maji yakigeuka rangi ya chai kaa nje siku kadhaa. Huoni gogo linaloelea, na mto unasomba uchafu wa njia nzima.

Nina kilo 65, rafiki yangu ana 80. Tunataka kaiti za kutumia Paje misimu yote miwili. Tununue za ukubwa gani, na ni saa ngapi za kutoka?
*Wasomaji wawili, Mjini Unguja*

Hesabu ya haraka ni uzito kwa kilo mara 2.2, gawanya kwa mafundo ya upepo, unapata mita za mraba. Kilo 65 kwa mafundo 15 ni mita 9.5, kwa mafundo 22 ni 6.5. Kilo 80 ni 11.7 na 8. Kwa hiyo mwepesi achukue ya 9 na ya 7, mzito achukue ya 12 na ya 9, na ile ya 9 mnaweza kuazimana. Hesabu hii ni ya ubao wa kawaida wenye ncha mbili na maji tulivu. Anayejifunza apunguze mita moja, kwa sababu kosa lake litakuwa la kuvutwa, na nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi: kutoka mafundo 10 hadi 20 nguvu inakuwa mara nne.

Paje misimu yote miwili upepo unakwenda sambamba na ufuko, ukiegemea nchi kavu kidogo. Hiyo ni neema, maana ukiharibikiwa unasukumwa kurudi. Kusi inavuma sawia na unaweza kutoka asubuhi. Kaskazi ingojee adhuhuri. Upepo unaotoka barani usiutumie hata ukiwa mzuri kiasi gani: ukikata kamba, unakwenda nje.

Kuhusu maji, bamvua ikikupwa ndani ya mwamba panabaki vidimbwi na viumbe wa miiba. Ukianguka kwenye maji ya kifundo cha mguu unaanguka chini. Ngojeni yafike kiunoni, na upande mnaoangushia kaiti muwe na nafasi tupu ya mita 50, ambayo ni urefu wa kamba mara mbili.

Na tunaomba jambo moja kwa msisitizo. Mbele ya Paje, Bwejuu na Jambiani kuna mashamba ya mwani, vigingi na kamba zilizofungwa na kina mama wanaoingia maji yakipwa. Maji yakijaa vigingi havionekani. Nendeni siku moja wakati wa kupwa mkaviangalie, muulize mipaka, kisha mpite mbali navyo. Kigingi kinaweza kukuchoma, lakini hata kisipokuchoma, kamba uliyoikata ni mavuno ya mtu.

Maswali mafupi

*Maji yana baridi wakati wa kusi?* Agosti na Septemba ni kama nyuzi 25, Machi na Aprili hukaribia 29 au 30. Fulana nyepesi ya mikono mirefu inatosha, zaidi kwa upepo kuliko kwa maji.

*Vimbunga vinatuletea mawimbi?* Ndiyo. Msimu wake kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Vingi hupita karibu na Madagaska na kututumia mawimbi tu. Ni nadra kimoja kutufikia, kwa kuwa karibu na ikweta hakipati mzunguko wa kutosha, ila nadra haimaanishi kamwe: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Likitajwa jina la kimbunga kwenye taarifa, ubao unabaki nyumbani.

*Nimekatwa na tumbawe, nifanye nini?* Osha kwa maji safi mengi, toa kila chembe kwa kibanio, weka dawa ya kuua vijidudu. Chembe ikibaki kidonda hakiponi. Pakivimba au pakipata moto, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwenye mlango wa mwamba wetu nilivutwa nje mara mbili, nikapiga mikono mpaka nikachoka. Nifanyeje nikikutwa tena?
*Msomaji, Vipingo*

Kila wimbi linalovunjika juu ya mwamba linamwaga maji ndani. Maji hayo lazima yarudi baharini, na njia yake ni mlango, yaani pengo lililo katika mwamba. Kukiwa na mawimbi makubwa na huku maji yanakupwa, hasa siku ya bamvua, maji ya mawimbi na maji ya kupwa yanatoka kwa pamoja mlangoni hapo. Mkondo unaweza kufika mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Mwogeleaji wa kawaida hafiki mita 1. Ndiyo maana ulipiga mikono bila kusogea.

Ukikutwa tena, lala juu ya ubao. Usiuache kwa hali yoyote, ndio boti yako, na kamba ya mguuni usiifungue. Acha kupigania kurudi ulikotoka. Piga mikono kwa ubavu, sambamba na mwamba, kuelekea pale mawimbi yanapovunjika meupe, maana povu linakwenda ndani na mkondo hauko hapo. Kama huwezi, acha ukutoe. Nje ya mlango mkondo unapanuka na kupoteza nguvu, kwa kawaida si mbali. Hapo zunguka, ukiingia mbali kidogo na mlango, na uchague mahali penye kina cha kutosha juu ya mwamba. Ukiona mtu ufukweni, inua mkono mmoja juu uutikise.

Bora zaidi ni kutofika huko. Kabla ya kuingia chagua jozi mbili za alama za nchi kavu zilizonyooka kwa macho yako, mfano mnazi wa mbele na paa la nyuma yake, jozi moja upande wa kaskazini na nyingine kusini. Kila baada ya mawimbi machache geuka uzitazame. Mnazi ukianza kuachana na paa, umeshasukumwa. Wakati wa kusi bahari yote inakwenda kaskazini, upepo pamoja na mkondo mkuu wa nje, kwa hiyo ingilia kusini mwa mahali unapotaka kutokea, na uhakikishe mlango hauko mbele yako upande wa kaskazini. Mlango ukiwa huko, sogeza mahali pa kuingilia, au ngoja maji yageuke yaanze kujaa, kisha uhesabu saa mbili ndipo uingie.